Shaba ya Katanga: ilituama na matope ya bahari, au iliingia baadaye?

Mtafiti wa Likasi
Naleta hoja hii kwa sababu vijana wetu vyuoni wanapewa jibu moja, kwamba shaba ilizaliwa na tope la bahari, na kuambiwa mjadala umefungwa. Shale nyeusi, mwamba wa tope lililogandamizwa, inayobeba shaba na kobalti kutoka Kolwezi, huku Katanga kusini mwa Kongo, hadi Konkola, upande wa Zambia, ni matope ya bahari yaliyotuama zaidi ya miaka milioni 700 iliyopita. Swali: shaba ilituama pamoja nayo, au iliyakuta yameshalala?

Mimi nasema iliyakuta. Shale nyeusi ya kawaida, popote duniani, mara nyingi haifikishi gramu 200 za shaba kwa tani. Sisi tunachimba mwamba wa asilimia 3, yaani kilo 30 kwa tani. Bahari haiwezi kutoa hiyo. Maji ya chumvi kali yalipita kwenye miamba myekundu ya chini, ile tunayoiita RAT (miamba ya udongo na talki), yakakomba shaba, yakasukumwa juu. Yalipogusa matope meusi yenye salfaidi, yaani michanganyiko ya salfa, shaba ikaganda hapo hapo. Tope jeusi lilikuwa mtego, si mama.

Mwalimu wa Kemia
Mtafiti, naheshimu miaka yako ya mgodini, ila hilo la "bahari haiwezi" nalipinga. Chini ya Bahari Nyeusi leo hakuna oksijeni, maji yamejaa salfaidi, na metali ya molibdeni inanaswa kwenye matope bila msaada wa maji moto yoyote. Kusini mwa China kuna tabaka la nikeli na molibdeni la unene wa sentimita chache tu, la mwanzo wa Kambria (zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita), na wapo wanaotetea kwa isotopu, yaani atomi za metali ileile zenye uzito tofauti, kwamba metali zake zilitoka kwenye maji ya bahari.

Na Garlick, mwanajiolojia wa migodi ya Zambia, mbona unamruka? Kabla yake walisema shaba ya Zambia ilitoka kwenye granaiti iliyopenya kutoka chini. Yeye na Brummer wakaonyesha mwaka 1951 kwamba granaiti ile ilishazeeka na kumomonyoka kabla matope hayajaja. Halafu Garlick akafuata tabaka kutoka ufuko wa kale kwenda kwenye kina, akakuta madini yakibadilika kwa zamu: chalkosaiti yenye shaba nyingi, bornaiti, chalkopairaiti, mwisho pairaiti ya chuma isiyo na shaba. Huo ni mpangilio wa pwani.

Jiwe Hai
Mnajichosha. Mambo haya aliyagundua Cornet mwaka 1892, mwanajiolojia Mbelgiji. Kabla yake wenyeji walikuwa wanaokota mawe ya kijani bila kujua wana nini mkononi.

Mtafiti wa Likasi
Mwalimu, molibdeni si shaba. Lita ya maji ya bahari ina molibdeni kama mikrogramu 10, shaba haifiki hata 1. Ukitetea molibdeni itoke baharini nitakuachia, lakini usiibebe shaba mgongoni mwake.

Nenda Ujerumani na Poland, kwenye ile Kupferschiefer, shale yao yenye shaba. Tabaka lenyewe kwa kawaida halifiki mita 1, na pale Mansfeld, Ujerumani, walilichimba tangu mwaka 1200 hivi hadi 1990. Kuna ukanda mwekundu wanaouita Rote Fäule, mwamba uliopitiwa na maji yenye oksijeni. Kando yake ndipo penye shaba, ikifuatiwa na risasi, kisha zinki. Mpangilio huo unakata matabaka: unaanzia kwenye mchanga wa chini, unavuka shale, unapanda hadi kwenye chokaa ya juu. Kama metali zilituama na tope, zilifikaje kwenye tabaka ambalo halikuwa limezaliwa?

Binti Lufira
Jiwe Hai, futa neno lako. Eti "wanaokota"! Cornet alipopita alionyeshwa mashimo yaliyokuwa yameshachimbwa kabla yeye hajazaliwa. Wazee walijua kilima chenye shaba kwa kuona miti imekataa kuota, na kwa ua lake, lile la buluu-zambarau. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakapanga malakaiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, na makaa, wakavuta mivukuto, shaba ikimiminwa kwenye kalibu za msalaba. Hiyo misalaba imekutwa makaburini Sanga, karibu na ziwa Kisale, watu waliozikwa karne nyingi kabla ya Ubelgiji kuwa nchi. Mtu asiyejua ana nini mkononi hazikwi nacho.

Mnyamwezi wa Tabora
Dada umesema vema, ila umalizie. Msiri, mtawala wa Katanga, alitoka kwetu Unyamwezi. Wayeke, watu wake, ndio walioikuza biashara ya shaba ya Katanga, wakivuta nyaya na kuzipeleka hadi pwani. Heshima hiyo na sisi tuna fungu letu.

Kolwezi Asili
Papa, hapana. Msiri alikuja karne ya 19 akakuta Basanga, wenyeji wa huku, wanayeyusha shaba. Alikuja kwa sababu ya shaba, hakuileta. Weye unataka kuchukua na misalaba ya Sanga umpe mtu ambaye baba wa babu yake alikuwa hajazaliwa?

Mnyamwezi wa Tabora
Sijasema aliileta. Nimesema biashara. Soma tena kabla ya kunipandishia.

Mwalimu wa Kemia
Ndugu zangu, turudi kwenye mwamba. Tarehe za reniamu na osmiamu, metali ambazo kuoza kwa moja kuwa nyingine hupima umri wa madini, kutoka migodi ya Konkola na Nkana, Zambia, zinafika miaka milioni 800 na ushee, ingawa zina ukingo wa makosa wa milioni 60 hivi. Huo ni umri wa karibu sana na matope yenyewe.

Mtafiti wa Likasi
Na mishipa ya shaba ya Kansanshi, Zambia, ni ya miaka milioni 500 na kitu. Kwa hiyo shaba ilihama tena milima ilipokunjwa. Ukingo wa milioni 60, Mwalimu, unatosha kuficha bahari nzima na maji ya chumvi yaliyokuja baada yake. Na Kamoa je, magharibi ya Kolwezi? Pale shaba iko kwenye konglomerati ya barafu, mwamba wa mawe na tope vilivyoachwa na barafu, juu ya mchanga, nje kabisa ya Série des Mines, matabaka yanayochimbwa shaba tangu zamani. Waliofundishwa kwamba shaba inazaliwa na tabaka fulani la bahari hawakuangalia kule.

Binti Lufira
Hawakuangalia kwa sababu ramani haziko kwetu! Kumbukumbu za jiolojia za enzi ya ukoloni ziko Tervuren, kwenye jumba la makumbusho Ubelgiji. Mwanafunzi wa Lubumbashi anaomba visa akasome kilima anachokiona dirishani kwao. Huo ndio mjadala.

Jiwe Hai
Tervuren walizitunza. Zingekuwa huku zingeshaliwa na mchwa.

Binti Lufira
Nyaraka za nyumbani kwangu hazijaliwa na mchwa. Zungumzia za kwako.

Kolwezi Asili
Mimi niliwahi kupanga masanduku ya core, vipande vya mwamba vilivyochorongwa ardhini, acha niseme nilichokiona kwa macho. Kipande cha shale dolomitiki (yenye chokaa ya magnesiamu), cheusi, kina mistari mizuri. Punje za shaba zimelala sambamba na mistari, ndogo sana, mpaka ukilowesha jiwe ndipo zinang'aa. Hapo Mwalimu atafurahi. Lakini katikati mshipa mweupe wa dolomaiti unakata mistari yote, na ndani yake kobalti na shaba zimekaa manene, carrollite, madini ya kobalti na shaba ya rangi ya fedha, unaishika kwa kucha. Mkono mmoja unashika vyote viwili. Anayeniambia ni tukio moja tu, aje anionyeshe sanduku lake.

Mwalimu wa Kemia
Punje ndogo zilizolala na tabaka ndizo za kwanza, na salfa yake ni ya bakteria walioishi kwenye matope yale. Hilo sijaliacha.

Mtafiti wa Likasi
Salfa ya bakteria, sawa. Nimeuliza shaba. Na Rote Fäule hujaigusa.

Kolwezi Asili
Na wewe Papa wa Tabora, nimekuuliza ya Sanga, unajibu ya biashara. Nangoja.