Kuvua walleye jioni: niende na nini?

Habari za Jumapili wanajumuiya. Nina miezi minne hapa Minnesota. Jamaa wa kazini kanialika Ijumaa jioni twende ziwa la Mille Lacs kuvua samaki anayeitwa walleye kwa kiboti chake. Mimi mtu wa Dodoma, maji mengi niliyowahi kuyaona ni ya bwawa. Niende na nini? Na kibali je?
Mgeni wa Brooklyn Park

*

Karibu mdogo wangu.

Kibali kwanza. Ukishafikisha miaka 16 lazima uwe na chako, cha mwenyeji wako hakikuhusu. Umeshapita siku 60 jimboni, kwa hiyo utalipa bei ya mkaazi. Kinanunuliwa mtandaoni au duka la chambo. Idadi na urefu wa samaki wa kuondoka nao, Mille Lacs ina masharti yake na hubadilika; angalia tovuti ya Idara ya Maliasili siku hiyo hiyo.

Nimezaliwa Ukerewe, nimekulia kwenye mtumbwi, nikaja huku nikijiona fundi. Walleye hadaki kama sangara. Unasikia mshipi umekuwa mzito tu, kana kwamba umenasa majani. Mwachie kidogo, ndipo uinue fimbo. Akishaingia botini usimshike mdomo: ana meno, na mfuniko wa shavu lake unakata kama wembe.

Wanaenda jioni kwa sababu ya macho yake. Yana utando nyuma unaorudisha mwanga, ukimmulika tochi yanang'aa kama ya paka. Giza likiingia samaki wadogo hawamwoni, yeye anawaona. Na mwezi huu wa sita jua linazama saa tatu usiku, kwa hiyo kula kabisa kabla hujatoka.

Chambo ni ruba. Ndiyo, wale wale wa kwenye majaruba ya mpunga, huku wanauzwa kwa kopo! Mchome ndoana upande wa kinyonyeo kikubwa, ataendelea kuogelea. Akikung'ang'ania kidole mbandue kwa kucha, usimtupe.

Sasa kizibo. Sheria ya hapa, ukitoa boti ziwani unang'oa kizibo cha chini, unamwaga maji yote, na unasafiri kizibo kikiwa nje, ili kome waharibifu wasihamie ziwa jingine. Sheria nzuri, ila safari inayofuata unashusha boti yenye tundu. Mwaka juzi tulikuwa watatu, tumeshaacha gati nyuma, nikasikia soksi zimelowa. Nikadhani ni maji ya viatu vyetu. Kutazama nyuma, tenki la petroli linaelea! Tulirudi tukichota maji kwa kopo la ruba, na ruba wenyewe tumeshawamwaga humo humo miguuni. Tangu siku ile kizibo nakifunga pamoja na ufunguo wa gari. Gari haliwaki kabla sijakishika.
Kaka wa St. Cloud

*

Kaka, umemjaza ruba hujamwambia habari ya jaketi okozi! Mdogo wetu, livae, usilikalie. Ziwa lile ni pana mno na kina chake hakizidi futi 42, upepo ukigeuka mawimbi yanasimama mara moja. Mkichukua mtoto wa chini ya miaka 10, kuvaa ni sheria. Hakikisha pia taa za boti zinawaka, maana mtarudi gizani. Beba sweta hata kama mchana ni joto, na dawa ya mbu. Mbu wa gatini hawana adabu.
Dada wa Rochester

*

Shikamooni. Tumerudi saa sita usiku. Nimepata mmoja, nikamrudisha majini kwa sababu ya kipimo. Mwenyeji kapata wawili, nao kawarudisha. Ruba alining'ang'ania, nilipiga kelele, samahani kaka. Kuhusu kizibo, niliuliza kabla boti haijagusa maji. Mwenyeji akacheka sana. Kisha akanyamaza, akaenda kukitafuta garini.
Mgeni wa Brooklyn Park