Mwenye jumba la tamthilia awe prodyuza pia? Tuijadili hii ishu ya Shubert

Wadau, kuna ubishi mmoja wa watu wa tamthilia kule Marekani umekuwepo zaidi ya miaka mia na haujaisha, kwamba ni sawa kampuni moja imiliki majumba ya maonyesho halafu hapohapo iwe inatengeneza shoo zake yenyewe? Mimi nasema siyo sawa, na kabla hamjanirukia ngojeni kwanza tupitie habari za Shubert, kampuni kubwa ya majumba ya maonyesho ya New York, maana humo kila upande una pa kushikia.

Shubert walikuwa ndugu watatu, Lee, Sam na Jacob, wamekulia Syracuse, jimbo la New York, wakaingia jiji la New York 1900. Kipindi hicho soko lote lilikuwa mikononi mwa kundi linaitwa Theatrical Syndicate, lilianza 1896, hao ndo walikuwa wanaamua shoo ipi iende mji upi na lini, ukikosana nao umeisha. Sarah Bernhardt, nyota wa Ufaransa, alipozunguka Marekani 1905 hadi 1906 chini ya akina Shubert alinyimwa majumba mpaka Texas akaigizia kwenye hema. Hema jamani, mtu mkubwa vile! Sam alishakufa 1905 kwa ajali ya treni Pennsylvania, Lee na Jacob wakaendeleza vita na Syndicate ikaja kusambaratika. Hapo walikuwa wakombozi kweli, siwanyimi haki yao.

Sasa baada ya hapo wakakalia kiti kilekile. Majumba yao, shoo zao, na shoo za wengine miji mingine wanazipangia ratiba wao. 1915 mhakiki wa New York Times, Alexander Woollcott, aliiponda shoo yao moja, wakampiga marufuku kukanyaga majumba yao, gazeti nalo likagoma kuchapa matangazo yao, kesi ikafika mahakama ya juu ya jimbo 1916 na akina Shubert wakashinda, eti sheria inakataza kumfukuza mtu kwa rangi au dini, siyo kwa sababu kaandika usichopenda. Kisheria sawa, ila ona nguvu aliyonayo mtu mwenye mlango na shoo kwa pamoja.

Serikali ikawashtaki 1950 kwa ukiritimba. Utetezi wao ulinichekesha, walisema kwa vile mchezo wa baseball uliachwa nje ya sheria ya kuzuia ukiritimba basi na tamthilia iachwe, na mahakama ya kwanza ikawakubalia! Mahakama ya Juu ya nchi ikakataa 1955, mwaka uliofuata wakakubali kuuza majumba 12 kwenye miji 6 na kuachana na biashara ya kuwapangia wengine ratiba.

Najua kuna mtu atasema bila wao Broadway, yaani yale majumba makubwa ya tamthilia ya New York, ingekufa. Nusu nakubali. Mdororo wa uchumi uliwafilisi 1931, Lee akainunua tena mali 1933 kwa dola 400,000 wakati wengine wanakimbilia sinema. Na leo mwenye kampuni ni mfuko wa Shubert Foundation unaogawa pesa kwa vikundi visivyo vya faida, hilo pia siyo dogo. Lakini kutunza majumba ni kazi moja na kutengeneza shoo ni kazi nyingine, kwani shoo ya A Chorus Line iliyokaa Shubert Theatre 1975 mpaka 1990 waliitengeneza wao? Ilitoka kwa prodyuza mwingine, Joseph Papp, wao walikuwa wenye jumba tu na pesa waliiona.

Shida yangu kubwa iko kwenye mkataba. Prodyuza analipa pango, anakatwa asilimia ya mauzo, halafu kuna kifungu kwamba mauzo yakishuka chini ya kiwango fulani wiki mbili mfululizo mwenye jumba anaweza kumtoa. Peke yake hicho kifungu kina mantiki, jumba haliwezi kukaa na viti vitupu. Ila mwenye jumba akiwa na shoo yake anayoitafutia nafasi, huyo atakuwa na subira ya wiki ya tatu kweli? Na usiniambie ahamie kwingine, Broadway ina majumba 41 na Shubert anayo 17, kampuni nyingine mbili, Nederlander inayo 9 na ATG 7 baada ya kuungana na kampuni ya Jujamcyn 2023, piga hesabu ujue yanabaki mangapi, na hayo mengine kadhaa ni ya taasisi zenye shoo zao za msimu.

Kwa hiyo wanaotetea naomba wanijibu hili tu, tiketi za prodyuza mdogo zikidorora wiki mbili za Januari, mwezi ambao kila mtu anajua watu ni wachache, na foleni nyuma yake kuna shoo ambayo mwenye jumba kaweka hela yake, anayeamua abaki au atoke awe nani?