Branchi ya watu sita: mkahawa wa mtaani, bafe ya hoteli au nyumbani?

Msafiri wa Jumapili (mwanzisha mada)

Wanajukwaa, salamu kwenu. Jumapili ya wiki ijayo nimepewa jukumu la kuwakutanisha watu sita kwa branchi, yaani ule mlo unaoliwa wakati kifungua kinywa kimeshapita na chakula cha mchana bado hakijafika, nami ninasita kati ya njia tatu. Ya kwanza ni mkahawa mdogo wa mtaani kwetu, ambako nimeshakula mara nyingi na wahudumu wananifahamu kwa sura. Ya pili ni bafe ya hoteli, ambako kila mtu hujipakulia anachotaka. Na ya tatu ni kupika nyumbani. Miongoni mwa wageni yumo baba yangu mwenye miaka 78, ambaye masikio hayamsaidii sana penye kelele, yumo mpwa wangu mwenye mzio wa karanga, na yumo rafiki mmoja ambaye hajawahi kufika mahali popote kwa wakati. Sitafuti anasa. Ninachotaka ni watu wakae saa 2 au 3, wale vizuri, wazungumze, na asiwepo mtu wa kututazama kwa jicho la kutufukuza.

Kijiko Kirefu

Mkuu, kwa maelezo yako mimi nasema bafe, na nitatoa sababu kabla wapenzi wa mikahawa midogo hawajanirukia. Mwenye kuamua hapa ni huyo rafiki anayechelewa. Mkiwa mnaagiza kutoka kwenye menyu, ama watano watamsubiri wa sita huku njaa ikiwauma, ama wataagiza bila yeye, na chakula chake kitafika wakati wenzake wameshafuta midomo. Kwenye bafe kila mtu huenda kwa mwendo wake. Isitoshe, mtu ambaye hajajua kama anataka cha chumvi au cha sukari anaweza kuanza na kimoja na kumalizia na kingine bila kumwomba mtu ruhusa.

Jikoni Tangu Alfajiri

Hoja ya mchelewaji naipokea, ndugu Kijiko Kirefu, lakini tuzungumzie mayai, maana ni nadra kuona branchi isiyo na mayai, na mimi nimeyapika kwa miaka mingi pande zote mbili, hotelini na mkahawani. Ute wa yai huanza kuganda kwenye nyuzijoto 62 hivi, na kiini hufuata kati ya 65 na 70, kwa hiyo kinachotenganisha yai laini na yai gumu ni nyuzi chache tu na dakika zisizozidi vidole vya mkono mmoja. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kilichopikwa kitunzwe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60 hadi kiliwe, na kwamba kisiachwe kwenye joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa 2. Hoteli inayojiheshimu hufuata ushauri huo, na inafanya vyema. Tatizo ni kwamba yai halijui kama linatunzwa au linapikwa: huendelea kukaza, hutoa maji, na likikaa sana huingia rangi ya kijani iliyofifia, kwa sababu chuma kilichomo kwenye kiini hukutana na salfa ya ute. Halimdhuru mtu, ila halivutii. Kama mpishi amesimama ukumbini akikaanga mbele ya wageni, basi lawama hii ifutwe.

Mkahawa mdogo nao una udhaifu wake, na sitauficha. Jikoni mna bamba moja la kukaangia, pengine mawili, na watu sita wakiagiza mayai ya namna sita tofauti, mpishi analazimika kuyamaliza yote kwa pamoja, ilhali kila moja lina muda wake. Ndiyo maana menyu ya ukurasa mmoja hunipa imani kuliko kitabu cha kurasa 12. Meza yenu ikikubaliana juu ya namna mbili au tatu, sahani zitafika pamoja na zikiwa za moto.

Mama wa Mezani

Mimi nimesimama kwenye neno mzio, kwa kuwa nina mtoto wa namna hiyo na nimejifunza kwa kuogopa. Hatari ya bafe haimo katika mapishi peke yake. Imo katika mikono ya wageni wenzenu. Mtu huchukua kijiko kilichokuwa kwenye bakuli la karanga akakitumbukiza kwenye matunda, bila nia mbaya, na kuanzia hapo hakuna kibao kilichoandikwa jina la chakula kinachoweza kukulinda. Mkienda hotelini, mwombe msimamizi mpwa wako aandaliwe sahani yake moja kwa moja kutoka jikoni. Hoteli nyingi hukubali, lakini sasa huyo mmoja anakula kwa kuagiza huku wengine wakijipakulia.

Kwenye mkahawa, piga simu siku mbili kabla, kisha urudie kusema mkishaketi, na usikilize jinsi unavyojibiwa. Mhudumu anayesema "hakuna shida" papo hapo hunitia wasiwasi. Yule anayesema "ngoja nimuulize mpishi", akaenda kweli, kisha akarudi na jina la chakula kimoja ambacho mpishi amekikataza, huyo ndiye ninayemwamini.

Nyumbani Kwanza

Nashangaa njia ya tatu haijapata mtetezi. Nyumbani hakuna foleni, hakuna kelele za watu wengine, karanga haziingii kama hukuzinunua, na hakuna anayekuhesabia saa. Mayai ya sufuria moja kubwa ya oveni yanawatosha watu sita kwa mara moja.

Jikoni Tangu Alfajiri

Yanatosha, ndugu yangu, lakini nani ataosha sufuria? Mwenyeji wa branchi ya nyumbani husikia kicheko cha sebuleni akiwa jikoni, akiuliza kwa sauti, "Mmesema nini?" Kwa mtu ambaye lengo lake ni mazungumzo, hiyo ni gharama kubwa kuliko bili.

Sikio la Kushoto

Navaa kifaa cha kusaidia usikivu, kwa hiyo naomba nizungumze kwa niaba ya mzee. Ukumbi uliojaa una tabia moja mbaya: kelele zikipanda, kila mtu hupaza sauti bila kujitambua ili asikike, jambo linalozipandisha zaidi, na meza ya jirani nayo hujibu kwa kupaza. Wataalamu huiita athari ya Lombard, kwa jina la daktari Mfaransa Étienne Lombard aliyeieleza mwaka 1911. Hapa hoteli inapata alama, na ni haki yake, kwa kuwa mazulia, mapazia mazito na viti vyenye mito hufyonza sauti, ilhali mkahawa mdogo wenye sakafu ngumu, vioo na meza tupu huirudisha yote masikioni.

Hata hivyo, mkahawa mnaofahamiana nao una dawa ambayo mgeni wa hoteli haipati kwa urahisi, nayo ni kuchagua meza. Omba ya pembeni, iliyo mbali na kaunta, kwa sababu mashine ya kusaga kahawa na bomba la mvuke la kuchemshia maziwa ndivyo vyanzo vikubwa vya kelele katika chumba kile. Mketishe mzee akiwa ameupa ukuta mgongo ili kelele zisimjie kutoka nyuma. Kama kuna dirisha, liwe nyuma yake au ubavuni, wala lisiwe mbele yake, kwa sababu mwanga unapaswa kuangukia nyuso za wanaozungumza naye. Sisi tusiosikia vizuri husoma midomo hata kama hatukiri. Meza ya duara ikipatikana, bora zaidi.

Mhudumu Mstaafu

Nimesoma yote kwa furaha, na naona tumelinganisha chakula, usalama na kelele, lakini bado hatujaligusa lile aliloliomba mwanzisha mada mwenyewe, kwamba asiwepo mtu wa kuwatazama kwa jicho la kuwafukuza. Hilo ni suala la huduma, na nimelifanya kwa miaka mingi.

Branchi ni mlo mgumu kwa mhudumu kuliko chakula cha jioni, ingawa wageni hudhani ni mwepesi. Mgeni wa jioni hujua anataka nini na kwa utaratibu gani. Mgeni wa branchi huja akiwa nusu amelala, huagiza kinywaji kwanza, kisha kingine, kisha chakula, kisha hukumbuka mkate, na kati ya hayo yote anataka aachwe azungumze. Mhudumu mzuri hujifunza kuitazama meza bila kuikodolea macho. Menyu ikifungwa na kuwekwa chini, watu wako tayari. Kikombe kikisukumwa kuelekea ukingo wa meza, mwenye nacho anataka kingine. Sahani haiondolewi mbele ya mtu aliyemaliza wakati mwenzake bado anatafuna, kwa maana huyo anayetafuna ataanza kula kwa haraka, na hapo mmeshaanza kuondoka bila kujua. Bili nayo haiji mpaka iitwe.

Bafe haina mambo haya, na siilaumu, kwa sababu haikuundwa kwa ajili yake. Pale wahudumu wana kazi ya kuondoa sahani na kujaza vyombo, na mazungumzo hukatika kila mtu anaposimama kwenda kupakua. Hesabuni wenyewe: watu sita, kila mmoja akisimama mara tatu, ni safari 18, na ni nadra wote sita kuwa wameketi kwa wakati mmoja. Kwa mzee asiyesikia vizuri, hadithi inayokatwa katikati ni hadithi iliyopotea.

Sasa, nanyi mna wajibu wenu. Mkahawa mdogo huishi kwa meza, na meza ya watu sita iliyokaliwa saa 3 kwa wakati wa msongamano ni mzigo wa kweli kwa mwenye mali, hata kama atatabasamu. Msifike saa 5 asubuhi, wakati kila mtu anafika. Nendeni saa 4, au subirini hadi saa 7 mchana wimbi likishatulia, lakini muulize kwanza oda ya mwisho ya menyu ya asubuhi hupokelewa saa ngapi, kwa sababu jikoni hubadilisha vyombo kuelekea chakula cha mchana na mpishi hafurahi kurudishwa nyuma. Mkihifadhi meza, semeni wazi kwamba mnapenda kukaa muda mrefu. Agizeni vinywaji mara tu mnapoketi: kahawa moja ya mashine huchukua takribani sekunde 25 hadi 30 kutiririka, na ukiongeza kusaga na kuchemsha maziwa, vikombe sita haviwezi kufika kwa pumzi moja. Na mkiridhika na huduma, mwambieni mhudumu mwenyewe, kisha mwambieni na msimamizi wake, kwa sababu malalamiko hufika ofisini yenyewe, ila sifa huhitaji kubebwa.

Kijiko Kirefu

Mzee wangu, hizo safari 18 zimenivunja nguvu. Nabaki na msimamo wangu kwa kundi kubwa lenye watoto wadogo, kwa sababu mtoto mwenye njaa hasubiri bamba la mtu, lakini kwa watu wazima sita nimeshindwa. Swali langu moja bado halijajibiwa: mchelewaji afanyweje?

Mhudumu Mstaafu

Aambiwe saa iliyotangulia saa halisi kwa nusu saa, na mhudumu aambiwe ukweli. Akichelewa bado, wenzake waagize, na chaguo lake lipelekwe jikoni akiwa njiani. Simu zina kazi hiyo.

Daftari la Kale

Naongeza dogo kwa wanaopenda chimbuko la mambo. Neno lenyewe, branchi, linatajwa kuanzia mwaka 1895, pale Mwingereza Guy Beringer alipoandika makala katika jarida la Hunter's Weekly akitetea mlo mmoja wa Jumapili wa kuchelewa badala ya chakula kizito. Kinachonifurahisha ni kwamba hoja zake hazikuhusu chakula sana: alisema mlo huo ungewaondolea watu haja ya kuamka mapema baada ya usiku wa Jumamosi, ungewachangamsha na ungewafanya wazungumze. Kwa hiyo anayechagua mahali kwa kuangalia mazungumzo kwanza hajakosea mlango.

Msafiri wa Jumapili (mwanzisha mada)

Nawashukuru nyote. Nimepiga simu mkahawani, nimehifadhi meza ya pembeni kwa saa 4 asubuhi, na nimetaja mzio wa karanga. Msichana aliyepokea aliniomba nisubiri, akaenda jikoni, akarudi na kuniambia kwamba keki ya siku hiyo ina karanga na kwamba wataitenga kwenye kabati lake. Mama wa Mezani, nilikukumbuka. Rafiki yetu ameambiwa saa 3 na nusu.

Sikio la Kushoto

Utuletee taarifa, hasa ya mzee.

Msafiri wa Jumapili (mwanzisha mada)

Taarifa ni hii. Rafiki alifika saa 4 na dakika 20, akilalamika kwamba tumemdanganya, jambo ambalo ni kweli. Kulikuwa na kosa moja: mayai ya watu wawili yalikuja magumu wakati yaliombwa laini, na kabla hatujaamua kama tuseme au tunyamaze, mhudumu alikuwa ameshaona dada yangu akiyakata na kutazama kiini, akaziondoa sahani zote mbili na kuomba radhi. Mapya yalifika baada ya dakika kama saba. Tulikaa mpaka saa 6 na nusu, bili tuliiita wenyewe, na sifa nimezibeba mpaka kwa msimamizi kama nilivyoagizwa.

Baba alikaa akiwa ameupa ukuta mgongo, dirisha likiwa ubavuni. Alisikia kila kitu, yakiwemo mawili matatu tuliyokuwa tukisemezana kwa kudhani hasikii, na tangu Jumapili amekuwa akiyarudia kwenye simu kwa kila ndugu.