Kuondoa rangi ya jeli nyumbani bila kuharibu kucha

Mgeni wa jeli: Dada zangu, najipaka jeli nyumbani na kuikausha kwa taa ndogo, lakini kila ninapoibandua kucha hubaki nyembamba, zenye mabaka meupe. Niiondoeje?

Mama Salma: Usiibandue, mpenzi, kwani hutoka pamoja na tabaka la juu la ukucha. Kwaruza kwanza ule mng'ao kwa tupa ya kucha, kisha funika kila ukucha kwa pamba iliyolowa asetoni (dawa ya maji ya kuondolea rangi ya kucha) na karatasi ya foili kwa dakika 10 hadi 15. Jeli ikiinuka, isukume taratibu kwa kijiti, na inapogoma irudishie pamba.

Bi Mwana: Kabla ya hapo, paka vaselini kwenye ngozi. Tena asetoni hushika moto upesi, kwa hiyo kaa mbali na jiko.