Uzi wa mtungi wa Minnesota na Michigan bila Dk. Henry Williams ni dhuluma!

Wakuu, leo nina hasira na siifichi. Kila timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Minnesota ikikaribia kucheza na ya Michigan mnafungua uzi wa ule mtungi wa maji ambao timu hizo hugombania, na shujaa ni yuleyule, Fielding Yost, kocha wa zamani wa Michigan. Yost kausahau mtungi, Yost kaomba urudishwe, kaambiwa aje aushinde. Basi! Kocha aliyemkwamisha Yost tarehe 31 Oktoba 1903 hata jina hamumtaji.

Ni Dk. Henry Williams. Daktari kamili, kasomea Pennsylvania baada ya kucheza futiboli na kukimbia mbio za viunzi pale Yale. Alitua Minnesota mwaka 1900, akainoa timu misimu 22 huku akitibu wagonjwa mjini Minneapolis. Kashinda mechi 136, kapoteza 33. Halafu mtu anaandika humu eti alikuwa daktari wa kujifurahisha na mpira. Kujifurahisha gani huko?

Michigan ilikuwa haijafungwa tangu Yost aichukue mwaka 1901. Enzi hizo timu zilijaza watu mstari wa mbele. Williams akabakiza saba, akarudisha wanne nyuma wamdake yeyote atakayepenya. Ikaisha 6–6, mashabiki wakavamia uwanja muda haujakwisha. Mtungi ulibaki nyuma baada ya vurugu hiyo. Bila mpango wa Williams mngesimulia mtungi gani?

Na ile mbinu ya wachezaji kujipanga, wakahama ghafla, mpira ukaanzwa papo hapo wapinzani wakiwa bado wanahangaika? Minnesota yake ilitamba nayo. Mbinu za namna hiyo zilisumbua mpaka sheria ikalazimisha wanaohama watulie sekunde nzima. Sifa mnampa Knute Rockne, kocha wa Notre Dame, peke yake!

Kinachoniuma zaidi ni Bobby Marshall. Mwaka 1906, mvua, tope, mchezaji mweusi anapiga teke la pointi 4: Minnesota 4, Chicago 2. Kocha wa Chicago ni Amos Alonzo Stagg, mwenzake Williams tangu Yale. Nani alimpanga Marshall wakati vyuo vingi havikutaka mtu mweusi kikosini? Hapo wote kimya.

Chuo chenyewe cha Minnesota, tangu 1950, jina la Williams kimelibandika kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu. Wa kikapu, jamani!

Aliyefungua ule uzi wa mtungi aurekebishe leo hii, aanze na Williams. Na mods msiufunge huu.