Frilansa wenzangu, hela inaingia ila haikai. Nianzie wapi kuweka hesabu?

Mchoraji_Usiku (mleta mada)
Wakuu habari zenu. Naombeni ushauri kwa mnaofanya kazi za kujitegemea. Mimi nachora logo na mabango, sina mwajiri, wateja wanakuja mmoja mmoja na wengine nawapata kwenye jukwaa la mtandaoni. Kazi zipo, hilo silalamiki. Ila nikijumlisha nilichopokea miezi sita iliyopita naona ni hela ya maana kabisa, halafu nikiangalia akiba imepungua, na sinywi wala sibeti.

Namba naandika bila sarafu ili tusianze kuulizana nchi gani: mwezi wa kwanza 900, wa pili 200, wa tatu 1,400, wa nne sifuri, wa tano 650, wa sita 1,150. Matumizi ya nyumbani ni kama 600 kila mwezi, mwezi uwe mzuri uwe mbaya. Vya kazi, yaani intaneti, programu za kuchorea, fonti na umeme, ni kama 150. Kila kitu kinaingia na kutokea akaunti moja. Naona matangazo ya programu za uhasibu za kulipia, ipi inamfaa mtu kama mimi? Au nitafute mhasibu kabisa? Natanguliza shukrani.

Ngoja_Waje
Ngoja waje wenyewe, nimekaa pale nasubiri madini.

Pilipili_Kavu
Usinunue programu yoyote sasa hivi mkuu. Programu inapanga kile ulichoiandikia, kama wewe mwenyewe hujui kipi mapato kipi deni itakutolea grafu ya rangi nzuri na bado hela huioni. Fungua akaunti ya pili kwanza. Ya kwanza wateja wanalipa humo na vya kazi vinalipwa humo, ya pili ni ya kwako wewe kula na kulipa kodi ya nyumba. Hilo tu litakuokolea kuchambua taarifa ya benki mstari kwa mstari ukijiuliza hii ilikuwa fonti au chakula.

Daftari_Jeusi
Mleta mada, maswali mawili kabla sijasema kitu. Hizo namba ni kabla au baada ya makato ya jukwaa? Na humo ndani kuna hela yoyote ambayo kazi yake bado hujaifanya?

Mchoraji_Usiku
Baada ya makato mkuu. Na ndio, kwenye ile 1,150 kuna advansi ya 500 ya mteja ambaye kazi yake naanza mwezi ujao. Kwani hiyo si yangu? Si imeshaingia?

Daftari_Jeusi
Hapo ndipo penyewe. Imeingia, ila bado ni ya mteja, wewe unamdai nini wakati hata mstari mmoja hujachora? Akighairi kesho unairudisha, labda kama mlikubaliana vingine. Kwa lugha ya uhasibu hiyo ni deni lako, inageuka mapato kadiri unavyofanya kazi.

Sasa tupige hesabu pamoja. Umepokea 4,300, toa advansi 500, zinabaki 3,800 za kazi uliyomaliza. Vya kazi 150 mara sita ni 900. Faida ni 2,900. Kodi ya mapato sijui nchi yako wanatoza asilimia ngapi, tuseme umetenga asilimia 20 ya faida, hiyo ni 580, unabaki na 2,320. Gawa kwa sita: 387 hivi kwa mwezi. Huo ndio mshahara wako halisi mkuu, wewe umekuwa ukiishi kwa 600.

Na akiba iliyopungua haijaibiwa. Umetoa 600 na 150 kwa miezi sita, jumla 4,500, ukapokea 4,300. Pengo ni 200 tu, linaonekana dogo, lakini hilo ni baada ya kuwa umeshaila advansi na hujatenga hata senti ya kodi. Ukiviweka vyote pengo ni 1,280.

Mchoraji_Usiku
Aise. Hiyo 200 ndio kiasi kilichopungua kweli. Nilikuwa najiona nalipwa 700 na kitu.

Hesabu_Kichwani
Daftari_Jeusi naomba nikupinge kidogo. Nchi nyingi zinawaruhusu wafanyabiashara wadogo kuandika kwa msingi wa fedha taslimu, maana yake mapato ni pale hela inapoingia mkononi, na advansi ikiwemo. Sasa ukimwambia 500 sio mapato halafu mwaka unaisha kabla hajaianza hiyo kazi, mamlaka ya kodi inaweza kuihesabu mwaka huu huu.

Daftari_Jeusi
Uko sahihi na wala hatupingani. Fomu ya kodi ajaze kwa msingi anaoruhusiwa huko kwao, na akiuchagua aufuate, sio mwaka huu hivi mwaka kesho vile. Mimi naongelea hesabu ya kumwambia leo anaweza kutoa kiasi gani akale. Hizo ni hesabu mbili na zinaweza kutoa majibu tofauti bila yoyote kuwa ya uongo.

Halafu hilo la makato, usiandike kile kilichokufikia tu. Mteja akilipa 1,000 na jukwaa likakata 100, andika mapato 1,000 na gharama 100. Faida ni ileile, ila mwisho wa mwaka utajua jukwaa limekula ngapi, na kama jukwaa linapeleka taarifa zako kwenye mamlaka ya kodi mara nyingi linapeleka ile 1,000, wewe unakuja na 900 unaanza kujieleza.

Daftari lenyewe eksel inatosha, safu zake tarehe, nani, ya nini, iliyoingia, iliyotoka, namba ya risiti, na moja ya salio. Kila mwisho wa mwezi linganisha salio lako na la benki, visipolingana tafuta siku hiyohiyo, ukiacha miezi mitatu hukumbuki tena. Debiti na krediti, yaani kuandika kila muamala pande mbili, huzihitaji kwa sasa, zipo tangu kabla Mtaliano Luca Pacioli hajazichapisha kitabuni Venice mwaka 1494, hazitakimbia. Mhasibu mlipe mara moja kwa mwaka wakati wa ritani, ile fomu ya kodi ya mwaka.

Mama_Ankara
Mmeongea vizuri ila hamjamgusia anavyodai hela yake. Mdogo wangu, huo mwezi wa sifuri ulikuwa huna kazi au ulikuwa hujalipwa?

Mchoraji_Usiku
Nilikuwa na kazi dada, tena nyingi. Ile 650 ya mwezi wa tano karibu yote ni kazi za mwezi wa nne.

Mama_Ankara
Nilijua. Basi huo mwezi haukuwa sifuri, ulikuwa umewakopesha wateja bila riba. Toa ankara siku unayokabidhi kazi, usingoje uwe na nafasi. Iwe na namba inayofuatana na ya mwisho, tarehe, kazi gani, kiasi, na tarehe ya mwisho ya kulipa kwa namba kabisa, ukiandika "lipa mapema" hujaandika kitu. Kwenye eksel yako fungua ukurasa mwingine wa wadaiwa: nani, kiasi, ilitakiwa lini. Mimi naufungua kila Jumatatu, aliyepitiliza anapata ujumbe wa heshima siku hiyo, akipitiliza tena anapigiwa simu, na kazi mpya haianzi hadi ya zamani ilipwe. Wanakasirika kidogo halafu wanalipa. Kazi kubwa igawe kwa hatua, anaona rasimu analipa, anaendelea.

Na kama mteja wako ni kampuni inayokata kodi ya zuio, yaani inakukata kodi kabla ya kukulipa na kuipeleka serikalini, dai cheti chake kila mara, maana hiyo ni kodi umeshalipa na bila karatasi unaweza kuilipa tena.

Pilipili_Kavu
Watu wanamzungukia tu. Ili ale 600 baada ya kodi ya asilimia 20 anahitaji faida 750, ongeza 150 za kazi, ni 900 za kazi iliyokamilika kila mwezi. Yuko 633. Hakuna daftari litakaloziba hilo, apandishe bei kwa wateja wapya au apunguze hiyo 600. Na hapo hatujahesabu laptopu. Kama yako ni ya 1,200 na itadumu miaka minne, inakula 25 kila mwezi hata kama huioni ikila.

Hesabu_Kichwani
Kupandisha bei sawa, ila inachukua muda. Kwa sasa ajilipe 380 kila mwezi tarehe moja, kutoka akaunti ya kazi kwenda ya kwake, hata mwezi ukiingiza 1,400. Ziada ibaki kulekule ndio itakayomlipa mwezi mkavu. Asilimia ya kodi itoke siku ileile mteja anapolipa, iende akaunti ya tatu isiyo na kadi.

Mchoraji_Usiku
380 itakuwa ngumu ila nimeelewa, nyumba lazima nihamie ya bei nafuu. Swali la mwisho, hii 500 niifanyeje maana mia mbili hivi nimeshaitumia?

Daftari_Jeusi
Iliyobaki iache akaunti ya kazi na uiandike upande wa madeni yote 500, sio 300. Ukimaliza nusu ya kazi hamishia 250 kwenye mapato, ukikabidhi hamishia iliyobaki. Hizo 200 zirudishe kutoka malipo ya kwanza yatakayoingia.

Ngoja_Waje
Na mteja akipotea katikati ya kazi?

Mama_Ankara
Inategemea uliandika nini kwenye makubaliano. Mimi naandika kwamba advansi hairudi kwa hatua niliyokwisha kabidhi, kisha nampa siku 30 kutoka ujumbe wa mwisho. Kama hukuandika kitu, hesabu kazi uliyofanya, kinachozidi mrudishie.