MREJESHO: Bach wa fidla mbili sasa anapigika kwa rekoda mbili

Wakuu, naleta mrejesho. Wiki tatu zilizopita niliomba msaada: nilitaka kupanga sehemu ya pili ya konseto (utunzi wa wapigaji wakuu na okestra) ya mtunzi Bach ya fidla mbili (namba BWV 1043 katika orodha ya kazi zake), ile ya polepole, nipige na binti yangu kwa rekoda, zile filimbi za kupuliza. Nilikwama kwa sababu fidla inashuka hadi sol, karibu okteva nzima (nota nane za ngazi) chini ya fa ya chini kabisa ya rekoda ya alto.

Aliyenishauri niachane na soprano, rekoda ndogo ya sauti ya juu, nitumie alto mbili, zilizo kubwa na za sauti ya chini zaidi, asante sana. Sehemu hii iko katika fa kubwa (F meja), na ufunguo huo na alto ni pete na kidole, sikubadilisha ufunguo. Kosa langu lilikuwa kupandisha okteva moja juu nota moja moja zilizozama chini ya fa hiyo. Wimbo ukawa unarukaruka, binti akaniambia, "Baba, hapa unakatika." Sasa napandisha kifungu kizima, kuanzia penye pumzi. Sauti ya pili ikiipita ya kwanza naiacha ipite, maana Bach mwenyewe kazisuka hivyo.

Pumzi ndiyo bado inatusumbua. Ile nota ndefu unayoishikilia mwenzako akitembea, upinde wa fidla unaibeba bila shida. Kwenye rekoda ukilegea kidogo tu inashuka. Tunavuta pumzi kabla yake, hata kwa kukata mkia wa nota iliyotangulia.

Besi, ile sauti ya chini inayosindikiza, naikosa kweli. Jumapili mpiga kinanda wa kwaya yetu atatujaribia mstari huo wa besi.